Funda la Chai Kwenye Theluji

Mghoi binti yangu, mama yangu mdogo,

Najua uko macho. Ukuta wa chumba chako ni mbao tupu, na nakusikia ukifungua sanduku na kulifunga tena kama mtu aliyepoteza mbuzi ndani yake. Liache. Mambo ya soksi, dawa za tumbo na kushona jina ndani ya koti mamako amekuimbia wiki nzima, mimi sina nyongeza. Nina jambo moja tu. Na kwa kuwa mdomo wangu leo mchana umenivunjia heshima mbele ya Voi nzima, nimeona niupumzishe, nitumie mkono. Makosa ya herufi utasamehe. Unajua shule yangu iliishia darasa la nane, na siku niliyotoka mwalimu mkuu alichinja kuku.

Bado nimeshtuka, sikufichi. Nimekaa hapa mezani moyo unadunda kama injini yenye plagi mbovu.

Mwenyewe uliona nilivyosimama. Shati jeupe, tai ya arusi, tumbo limeingizwa ndani. Nyanyako ameshuka kutoka Bura na ndizi zake, wazee wa kanisa wameketi, mafundi wenzangu wa gereji wamenawa mikono kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nami nikaanza: "Wageni, mtazameni huyu binti! Akirudi kutoka Urusi, hakuna mtu wa hapa atakayepanda gari hadi Mombasa kutafuta daktari wa mgongo. Daktari atakuwa wangu!" Watu wakapiga makofi. Nikajiona mrefu kuliko mlima Kasigau.

Ndipo wewe, na sahani ya pilau mkononi, kwa ile sauti yako ya kanisani, ukasema, "Baba, siendi kusomea udaktari. Naenda kusoma Kirusi."

"Kirusi cha nini?"

"Kirusi chenyewe. Lugha. Niwe mkalimani."

Mama, ningemwagiwa maji ya barafu shingoni nisingeshtuka vile. Lugha! Mtu avuke nusu ya dunia kufuata maneno, kana kwamba hapa nyumbani tuna upungufu wa maneno, na mimi niko? Kisha yule Mwadime wa bucha, ambaye hajawahi kuona mahali pazuri pa kunyamaza, akapaza sauti: "Mrusi amezaa Mrusi!" Wakacheka wote. Hata mchungaji alicheka, nilimwona akijificha nyuma ya soda.

Na mimi nikasema lile neno. "Basi nenda, na usirudi hapa."

Nililisikia likitoka. Nilitaka kulidaka kama mtu anavyodaka glasi inayoanguka, lakini likapita. Wewe ukaweka sahani chini polepole, ukaingia ndani, ukafunga mlango, na mpaka sasa hujaufungua. Nyanyako, ambaye wewe ni jina lake, akanitazama kama nilipokuwa na miaka sita. Akasema, "Mghendi, neno hilo umelitoa wewe, na wewe ndiwe utakayelirudisha. Mimi simo."

Wewe umekulia Voi, kwenye reli na taa za stima, na kwaya na mtihani. Pengine unaona ni hasira ya mzee tu, itapita kama treni. Lakini sisi watu wa milimani tunajua neno la mzazi aliyekasirika si upepo. Linamfuata mtoto njiani. Nawe kesho unakwenda mahali ambapo njia yenyewe ni barafu. Ndiyo maana naogopa, mimi niliyemkimbiza nyati kwa spana. (Alikuwa nyati mdogo. Ndama wa nyati. Lakini alikimbia.)

Sasa tulia nikusimulie jambo ambalo sijamsimulia mtu Voi hii, na unajua mimi nikikaa na jambo siku moja bila kulisimulia huumwa kichwa.

Unajua nilikwenda Moscow Uhuru ukiwa bado mbichi, kijana wa miaka ishirini, wembamba wangu ule wa kwenye picha. Walikuwa wanatafuta vijana wa kwenda kujifunza matrekta, na mimi katika shamba la mkonge nilikuwa nimekwisha kujifunza kuyaharibu, kwa hiyo nikaonekana nina uzoefu. Mwaka wa kwanza ni lugha tu, kila siku, mpaka taya zinauma. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mfupi, Galina Petrovna, koti lake linafika chini hata miguu huioni, anateleza tu kama amewekwa kwenye magurudumu. Mwenzangu wa chumba alikuwa Kwaku, Mghana, mrefu, mcheshi, na alikuwa na kasoro moja kubwa: alikuwa anapenda kusikilizwa kuliko mimi.

Baridi ilipokomaa, Galina Petrovna akasema kukaa bwenini ni ugonjwa, twendeni tukatazame mji. Siku ile, mama, nilishtuka mpaka mshtuko wenyewe ukachoka. Tulishuka chini ya ardhi kupanda treni, nikakuta huko chini kuna taa za vioo na nguzo za mawe yanayong'aa kama nyumba ya sultani, na watu wanapita bila kutazama juu! Tukatoka, tukaenda mtoni. Mto umesimama. Sikwambii umepungua kama Mto Voi wakati wa kiangazi, hapana, umesimama kama sakafu ya saruji, na wazee wameketi katikati juu ya vigoda wamechimba vishimo wanavua samaki. Mama mmoja anavuka na mtoto kwenye kigari kisicho na magurudumu. Nikakataa kukanyaga. Galina Petrovna akanishika mkono, "Mghendi, mto huu unabeba hata lori." Nikamwambia lori halina mama wa kulililia. Halafu ng'ambo kule watu wamejipanga mstari kwenye ubaridi unaokausha pua, nikadhani ni mkate. Ilikuwa aiskrimu. Haki ya Mungu. Mvuke wa pumzi umeganda kwenye nyusi zao, nao wanalamba aiskrimu.

Kosa langu lilianzia hapo hapo kwenye aiskrimu. Nilikuwa nimeshtushwa asubuhi nzima, nikaona nami niwashtue. Nikawaambia kwa Kirusi changu cha kuokoteza kwamba kwetu ndovu hupita nyuma ya nyumba, tena ni wekundu.

"Wekundu?" Kwaku akauliza.

"Wekundu."

"Jamani, njooni! Mghendi ana ndovu wekundu!" Akawaita wanafunzi wote, akawaita hata watu asiowajua. "Na simba wenu je, ni wa kijani?"

Wewe unajua, umewaona tangu utotoni wakitoka kuoga vumbi letu jekundu la Tsavo. Lakini pale niliapa mpaka mate yakaisha na hakuna aliyeniamini. Galina Petrovna mwenyewe akafuta machozi ya kicheko, akasema labda ndovu wangu wamejiunga na chama, kile chao cha bendera nyekundu. Nikawaka. Mtu ukisema uongo ukachekwa, unacheka nao, mambo yanaisha. Lakini uchekwe kwa ukweli! Nikamgeukia Kwaku nikasema kwa Kidawida, ili asielewe hata mmoja: "Uanguke uvunjike."

Tukaendelea. Tukafika ule uwanja wao mkubwa wenye kanisa la vilemba vya rangi kama pipi, na pembeni foleni ndefu ya watu wanaongoja kumwona mzee wao wa mapinduzi, marehemu, aliyelazwa kwenye kioo. Foleni ile ni kimya, kofia mkononi, maana pale ni mahali pa heshima. Tukajipanga. Kwaku akarudi nyuma hatua moja aige ndovu wangu, mkono puani kama mkonga, na buti lake likakuta barafu iliyosuguliwa.

Alikwenda chini wima, kama mlingoti. Kisogo kikagonga jiwe. Na ile theluji nyeupe, nyeupe kama shuka la hospitali, ikaanza kuingia damu.

Mimi nilishuka nikapiga magoti kabla sijajua nimepiga magoti. Kichwani mwangu kuna kitu kimoja tu: ni mimi. Nimesema aanguke, ameanguka. Sikufikiri daktari, sikufikiri kitambaa. Nilifikiri kile ambacho babu yako angefanya. Kule Bura mtu akimkasirikia ndugu yake na ndugu akapatwa na jambo, huyo mwenye hasira lazima atase. Atavuta funda la pombe ya miwa, alipulize nje lote, aseme maneno ya amani, ile hasira itoke pamoja na kinywaji, isibaki moyoni ikamla mwenzake. Pombe ya miwa sikuwa nayo. Galina Petrovna alikuwa na chupa ya chai. Nikaipokonya, nikajaza mdomo, nikapuliza, fyuuu, juu ya kichwa cha Kwaku, nikasema, "Sere! Amani! Uinuke, uwe mzima, sina neno nawe." Nikavuta tena. Fyuuu!

Mama, wewe hebu simama upande wa wale Warusi. Mahali patakatifu kuliko pote pao. Mgeni ameanguka, anatoka damu. Na mgeni mwingine amemwinamia anamtemea chai usoni mara mbili huku anabwabwaja.

Vikongwe wenye vitambaa kichwani ndio walionifikia kwanza. Sijawahi kupigwa na nyanya za watu, lakini siku hiyo nilipigwa, kwa vikapu. "Huligani! Huligani!" Yaani mhuni. Halafu askari wawili, mmoja kila kwapa, na miguu yangu ikawa haigusi chini tena. Kwaku akabebwa na gari la wagonjwa upande mmoja, mimi upande mwingine, Galina Petrovna katikati hajui amfuate nani. Akanifuata mimi.

Kwenye ofisi yao kulikuwa na mzee mmoja mwenye sharubu nyuma ya meza. Akauliza, kwa upole kabisa, na upole wa askari ndio wa kutisha: "Kwa nini ulimtemea mwenzako?"

Nikafungua mdomo. Hamna kitu. Ndani nilikuwa na hadithi nzima, nina babu, nina Bura, nina miwa na amani. Lakini kwa Kirusi nilikuwa na mkate, trekta, asante, na baridi. Nikatafuta, nikatafuta, nikapata neno la hasira. Nikagonga kifua: "Hasira. Mimi. Ndani." Nikaonyesha mdomo: "Nje."

Yule mzee akatikisa kichwa na kuandika. Galina Petrovna akaweka mkono usoni. Hapo ndipo nikaelewa: nimekiri kosa ambalo sikulifanya, tena kwa maneno sahihi kabisa. Nilikuwa na hasira, ikatoka, nikamtemea. Angeandika nini kingine?

Akasema kesi kama hii mwanafunzi hurudishwa kwao. Nilielewa neno "kwao". Nikaona stesheni ya Voi, nikajiona nashuka na sanduku tupu, na babangu amesimama pale na watu wote aliowatambia. (Ndiyo, ugonjwa wa kutamba ni wa ukoo. Usijione umepona.)

Galina Petrovna akaniambia polepole, neno moja moja, kama mtu anayemlisha mgonjwa: "Mghendi. Usiseme. Fanya. Nionyeshe."

Wakaniletea glasi ya chai. Nikashika kiti kitupu, nikakiambia moyoni, wewe ndiwe Kwaku. Nikajaza mdomo, nikapuliza. Fyuuu! Nikaweka mkono juu ya kile kiti kama anavyoshikwa mtoto kichwani, nikasema maneno yote kwa Kidawida, polepole, mpaka mwisho. Na kwa kuwa ofisi ilikuwa ndogo, chai nyingine ilienda kwenye buti za mzee.

Nasikia chai inadondoka. Mzee akaangalia buti zake. Akainuka, uso mwekundu kuliko ndovu wangu. Nikafumba macho.

Nikasikia, "Nyanya yangu."

Nikafumbua. Mzee amekaa tena, ameshika sharubu. Akaongea haraka, sikufuata, Galina Petrovna akawa ananirudishia kwa maneno ya kitoto: alipokuwa mdogo kijijini, bata bukini alimfukuza, akapatwa na woga, usiku halali, analia tu. Nyanya yake akavuta maji mdomoni, akampulizia usoni. Fyuuu. Akasema maneno. Woga ukatoka. Yule askari, mama, na vyeo vyake mabegani, akavimbisha mashavu kutuonyesha nyanya yake alivyofanya, halafu akakumbuka yuko kazini akayapunguza.

Nilishtuka kuliko pale mtoni. Nilidhani jambo lile ni letu peke yetu duniani! Kusema kweli niliudhika kidogo, kama mtu aliyekuta jirani amevaa shati lake.

Akaichana ile karatasi. Tukaenda hospitali. Kwaku amefungwa kichwa kama bibi arusi, daktari amekwisha kumshona, anakula uji.

"Mghendi, ni kweli ulinitemea chai?"

"Nilikuwa natoa hasira."

"Yangu au yako?"

"Yangu."

"Basi mbona niloe mimi?"

Akalamba kijiko. "Na hao ndovu?"

"Wekundu."

"Haya," akasema, "wekundu."

Hiyo ndiyo hadithi. Mengine unayajua: matrekta, majira mawili ya baridi, babu yako akafariki nikarudi bila cheti, na gereji, na jina la Mrusi ambalo nimelivaa kama nishani kumbe watu walikuwa wananitania.

Jioni hii yote nimekuwa nikiirudia ile ofisi. Udaktari nilioutangaza kwenye kila kibanda cha chai Voi haungenisaidia chochote pale. Daktari alikuwepo, alifanya kazi yake, alimshona Kwaku vizuri. Aliyekosekana ni mtu mmoja wa kusimama kati yangu na ile meza na kusema, "Mzee, ngoja, huyu kijana hakutukana." Mtu wa maneno. Ningempa ng'ombe. Na leo mchana mtu huyo alisimama mbele yangu na sahani ya pilau, nami nikamfukuza nyumbani. Nani mwerevu hapo? Mwadime wa bucha ananishinda, naye anapima nyama kwa macho.

Sikwambii uwe nani. Ningetaka, lakini uliniona mchana nilivyo hodari wa kutangaza. Nakuomba tu, utakapokuwa huko na mtu mweusi mgeni amesimama mbele ya meza anagonga kifua hana neno, usipite.

Sasa lile neno langu. Barua haiwezi kuliondoa, nimemuuliza nyanyako kupitia dirishani, amenijibu karatasi haina mate. Lazima iwe kwa mdomo, asubuhi, kabla mtu hajala kitu. Pombe ya miwa siku hizi chifu anakamata, na mamako angenifukuza mimi nyumbani badala yako. Nyanya amesema maji yanatosha. Kama kwaya yenu haipendi mambo haya, imba moyoni wimbo wowote unaotaka, sitakuuliza. Lakini usipande basi la Nairobi kabla hujanipa nafasi.

Kwa hiyo jua likianza tu kugusa mabati, fungua mlango. Utanikuta nimesimama nje na kikombe, mashavu yamevimba. Nitakuwa na maji mdomoni, kwa hiyo sitaweza kusema kitu, na hiyo itakuwa mara yako ya kwanza kumwona babako amenyamaza. Nitapuliza, halafu nitasema "Rudi." Nitapuliza tena, niseme tena "Rudi." Nitafanya hivyo mpaka nyanyako aseme imetosha, na unamjua, hatasema upesi.

Utaloa. Mwambie mamako atayarishe blauzi nyingine.

Na nakuomba sana, mama, usicheke kabla sijapuliza. Ukicheka nami nitacheka, maji yatanishuka, na hasira nikiimeza itabidi tuanze upya, na basi halingoji.

Babako,
Mghendi